Jina la Mahali na Riziki ya Watu Wake



Msimu mmoja wa karafuu, miaka kadhaa iliyopita, nilikaa barazani kwa bibi mmoja wa Mtambwe, kisiwani Pemba, nikimtazama anavyozigeuza karafuu zake juu ya jamvi lililotandikwa uani, akizitawanya kwa kiganja taratibu kama anayemlaza mtoto. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa vitabu, nikamwuliza swali la mtu wa vitabu, yaani anatumia kipimo gani kujua kwamba karafuu imekwisha kauka kiasi cha kutiwa guniani. Bibi hakunijibu kwa maneno. Alichukua karafuu moja, akaisogeza karibu na sikio langu, akaivunja kwa vidole viwili, nayo ikalia kama kijiti kikavu. Kisha akachukua nyingine kutoka upande wa jamvi uliokuwa kivulini, akaifanya vilevile, na hiyo ikapinda tu bila ya kutoa sauti. "Ile ya kwanza ni karafuu," akaniambia, "na hii bado ni ua, mwanangu. Ukiitia guniani leo, kesho itaziharibu zenzake."

Baadaye, kahawa ilipokuja, zamu ya kuuliza ikawa yake. Alitaka kujua kama watu wa Ulaya na Bara Hindi na Singapore, wanaozitia karafuu hizi katika vyakula vyao, wanajua kwamba zimetoka Pemba. Sikuwa na jibu la kumfurahisha. Nilikuwa nimepata kuona, katika duka moja la mji wa ugenini, kichupa cha kioo chenye karafuu chache, na juu ya karatasi yake pameandikwa jina la kampuni iliyozitia kichupani na jina la mji ambamo kichupa kilifungwa, basi. Si kisiwa, si nchi, wala si bahari iliyovukwa. Nilimwambia kweli. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mtoto asiyetajwa kwao huyo ni wa kuokotwa. Nina deni la swali lile tangu siku ile, na haya nitakayoyasema leo mbele yenu ndiyo niliyoweza kuyakusanya ya kulilipa.

Wanasheria wana istilahi kwa jambo alilouliza bibi. Huliita viashiria vya kijiografia, na maana yake ni jina la mahali linalotajwa pamoja na bidhaa ili mnunuzi afahamu kwamba ubora wa bidhaa ile, au umaarufu wake, au tabia yake nyingine yoyote, chanzo chake hasa ni mahali palipotajwa: udongo wake, hewa yake, mvua zake, na maarifa ya mikono ya watu wake. Mimi nitasema tu jina la mahali. Jina la namna hii halifanani na alama ya biashara, ingawa aghalabu watu huvichanganya viwili hivi. Kwani alama ya biashara ni milki ya mwenye duka, akitaka ataiuza, akitaka ataikodisha, na kiwanda chake kikihamia nchi nyingine nayo huhama, ilhali jina la mahali halihami wala haliuziki. Kwa sisi watu wa pwani lipo neno linalolieleza vizuri kuliko maneno ya wanasheria, nalo ni wakfu. Kisima cha wakfu si cha mtu. Kila mwenye kuishi pale na kuyashika masharti ya mwenye kukiweka ana haki ya kuteka, na hakuna hata mmoja, awe tajiri wa namna gani, mwenye haki ya kukipiga mnada.

Mataifa ya Ulaya yaliyatambua haya zamani, na yaliyatambua kwa uchungu wa kughushiwa. Ureno iliyawekea mipaka mashamba ya mizabibu ya bonde la mto Douro mwaka 1756, baada ya mvinyo wa Porto kuchakachuliwa hata wanunuzi wa Uingereza wakaanza kuukataa. Na Ufaransa ilitunga sheria mwaka 1925 kwamba jibini haliitwi Roquefort isipokuwa limetokana na maziwa ya kondoo na kukomazwa katika mapango ya kijiji cha jina hilo. Kuna watu wetu wanaoamini kwamba mambo haya ni anasa za wanywa mvinyo. Mimi naona kinyume chake: mwenye viwanda elfu aweza kuishi bila ya jina la kijiji chake, lakini nchi ambayo mali yake ni mazao ya ardhi, ikilipoteza jina la mazao yale, imebaki na uzito tu wa kupima kwenye mizani, na kwenye mizani ratili moja hufanana na ratili nyingine.

Twasema katika methali zetu kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli katika soko ambalo muuzaji na mnunuzi wanaonana uso kwa uso, ambalo mama aweza kuutia mchele kiganjani, akaunusa na kuutafuna punje mbili kabla ya kufungua kibindo. Walakini mteja akiwa mbali, kizuri hakijiuzi. Kinachouza ni jina, na jina lisilo na mlinzi huvaliwa na yeyote. Nendeni katika masoko ya Dar es Salaam muulize mchele unaonukia. Takriban kila gunia mtaambiwa ni mchele wa Kyela, ilhali bonde lile lililo kaskazini mwa Ziwa Nyasa haliwezi kuzaa mchele wote unaouzwa kwa jina lake, na mkulima wa Kyela aliyeipalilia sifa hiyo kizazi baada ya kizazi hapati hata senti kwa yale magunia mengine. Nchini Japani nako, ambako jina la Kilimanjaro lina heshima kubwa kwa wanywaji wa kahawa, kanuni za wafanyabiashara wenyewe zinaruhusu kahawa ya arabika kutoka karibu pande zote za Tanzania kuitwa Kilimanjaro, na mchanganyiko wenye asilimia 30 tu ya kahawa hiyo kuuzwa kwa jina la mlima wetu. Sisemi kwamba mkulima wa Mbinga amekosa kitu. Kahawa yake ni njema, na kwa kuwa ni njema yastahili kutajwa kwa jina la Mbinga.

Lakini niirudie karafuu, maana ndiyo niliyoijia.

Karafuu si mti wa asili ya kwetu, na mwenye kutaka kuidai haki yetu hana budi kuanza kwa kulikiri hilo. Kwao ni visiwa vya Maluku, yaani Ternate na Tidore na jirani zao, katika nchi iitwayo leo Indonesia. Na Waholanzi walipovitia visiwa vile mkononi katika karne ya 17, waliiacha mikarafuu imee Ambon na visiwa vichache vilivyo karibu nayo, kisha wakapita kisiwa hadi kisiwa wakiikata kwa shoka iliyobaki, ili duniani pasiwe na karafuu ila yao. Shoka lile halikufua dafu. Yapata mwaka 1770 Mfaransa aitwaye Pierre Poivre alifaulu kupata miche kwa siri na kuifikisha Mauritius, na kutoka visiwa vile vya Wafaransa, mwanzoni mwa karne ya 19, mkarafuu ukavuka hadi Unguja. Wapokezi wa historia humtaja Saleh bin Haramil kuwa ndiye aliyeuleta, na mashamba ya Mtoni na Kizimbani kuwa ndiyo yaliyoupokea, kisha Seyyid Said bin Sultan akasimamia upandwe kwa wingi, hata visiwa viwili vidogo vya bahari yetu vikawa ndivyo vinavyoilisha dunia sehemu kubwa kabisa ya karafuu yake. Waholanzi walitaka kuumiliki mti. Mti haushikiki, mbegu huingia mfukoni, na upepo na ndege na wezi wote ni wachukuzi wake. Kinachoweza kushikwa ni jina, na jina halishikwi kwa shoka.

Atakuwapo wa kuuliza: kama mti ni wa Maluku, Zanzibar ina haki gani ya kuutia jina lake? Sheria haiulizi nani alikuwa wa kwanza kuuona mti. Huuliza ni wapi tunda lake lilikopatia sifa. Buni ni ya Uhabeshi, na hakuna Mhabeshi aliyeikatalia Colombia kahawa yake. Mkarafuu umekaa Unguja na Pemba miaka mia mbili, umeoteshwa katika udongo wetu, umechumwa na kuchambuliwa na kuanikwa kwa maarifa ambayo yule bibi wa Mtambwe aliyarithi kwa mamaye na mamaye kwa nyanyaye. Na umaarufu uliotokana na miaka mia mbili ni milki halali kama nyumba iliyojengwa juu ya kiwanja halali.

Ila jina hili tusilitaje bila ya kuwakumbuka waliolijenga. Mashamba yale ya karne ya 19 yalipandwa, yakapaliliwa na kuchumwa kwa jasho la watumwa waliotolewa bara, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa, na hadhi ya utumwa haikufutwa katika sheria ya Zanzibar mpaka mwaka 1897. Wamelala katika udongo ule watu wasiohesabika ambao hawakupata kumiliki mti hata mmoja, wala majina yao hayakuandikwa mahali. Sifa ya karafuu ya Zanzibar ni mirathi waliyoiacha wao pamoja na wengine waliokuja baadaye. Ndiyo sababu naliita wakfu, na ndiyo sababu nitaona ni dhuluma ya pili iwapo jina hili, likiisha kulindwa, faida yake itaishia katika mikono ya wenye maghala na wenye meli.

Mwaka 1872 kimbunga kikaipiga Unguja, kikaing'oa mikarafuu yake karibu yote, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo mama wa karafuu, ingawa gunia likishuka bandarini huandikwa Zanzibar. Nalisema hili makusudi, kwa kuwa nitahitaji kulirudia.

Sasa nawaomba mtazame mwaka mmoja, mwaka 1927, kwa kuwa ndani yake mna funzo ambalo sijaliona likitajwa. Katika mwaka ule wakulima wa kahawa wa Colombia waliunda shirikisho lao la taifa, na katika mwaka uleule Zanzibar ikapata Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu. Vyama viwili vya mazao ya nchi za joto vilizaliwa pamoja, na shida zilizovizaa zilifanana: madeni, madalali, na bei zinazopanda na kushuka kwa amri ya watu wa mbali. Jumuiya ya Zanzibar, ambayo wakubwa wake walikuwa serikali ya kikoloni, ilielekea kwenye mamlaka ya kununua na kuuza. Katika miaka ya 1930 ilipewa nguvu juu ya biashara yote ya karafuu, wafanyabiashara wa Kihindi wakaisusia karafuu mwaka 1937, na ugomvi ukaisha kwa mapatano ya kugawana ununuzi. Waligombania gunia. Wakolombia nao waligombania gunia, lakini waliligombania na jina pia. Mwaka 1959 walimbuni mkulima wa picha, Juan Valdez, mwenye masharubu na kofia na baghala wake, wakamtembeza katika magazeti na televisheni za Marekani akimwambia mnunuzi kitu kimoja tu, kwamba kahawa njema ni ya Colombia; wakaajiri wakaguzi, wakakataa kusafirisha kahawa mbovu kwa jina la nchi yao, na mwaka 2007 jina Café de Colombia likaingia katika daftari la Umoja wa Ulaya, likiwa chakula cha kwanza kutoka nje ya Ulaya kupata ulinzi huo. Miaka themanini ilipita baina ya mwanzo na hati ile. Naitaja hesabu hii ili asitoke mtu hapa akidhani kwamba jina hujengwa kwa warsha ya siku tatu.

Zanzibar katika miaka hiyo hiyo iliegemea mnunuzi mmoja. Watu wa Indonesia huvuta sigara iitwayo kretek, ambayo tumbaku yake huchanganywa na karafuu zilizokatwakatwa, na kwa miongo kadhaa nchi ile iliyokuwa kwao mkarafuu ikawa ndiyo mteja mkubwa wa karafuu zetu. Kisha wakapanda yao. Kufikia miaka ya 1980 hawakutuhitaji tena, bei ikaanguka, na katika vijiji vya Pemba ikawa mikarafuu inaachwa kuzeeka bila ya kupandiwa mingine. Siwezi kuapa kwamba jina lililolindwa lingeizuia bei isianguke. Mvuta sigara hasomi karatasi ya gunia. Ninachokijua ni kwamba tulikuwa tumezoea kumwuzia mtu mmoja anayetaka uzito, na alipoondoka hatukuwa na mwingine aliyefundishwa kututaka sisi.

Katika ulimwengu wa sheria mambo yalibadilika mwaka 1995, lilipoundwa Shirika la Biashara Duniani, na pamoja nalo mapatano juu ya haki miliki ambayo kwa mara ya kwanza yaliyalazimisha mataifa wanachama yote kuyalinda majina ya mahali. Mapatano yale si ya haki kamili. Mvinyo na pombe kali vilipewa ulinzi wa juu kuliko bidhaa nyingine zote, kiasi kwamba huwezi kuuza mvinyo wako kwa jina la mahali pa wengine hata ukiandika kando yake "mfano wa" au "aina ya", ilhali mwenye chai, mchele, karafuu au mkeka hana budi kuthibitisha kwamba mnunuzi amehadaika. Nchi nyingi zinazoendelea zimekuwa zikidai Geneva kwamba daraja hizi mbili ziwe moja, na mimi niko pamoja nazo, kwa sababu hakuna mizani ya uadilifu inayoweza kuonyesha kwamba kilevi cha mtu mmoja kina heshima kuliko kiungo cha mwingine. Lakini katika mapatano yayo hayo mna fungu dogo ambalo latuhusu sisi, wala hatuwezi kumlaumu Mzungu kwalo: linasema kwamba taifa halilazimiki kulilinda jina la mahali ambalo halikulindwa katika nchi lilikotoka. Kwa maneno mengine, mlango wa ugenini hufunguliwa kwa ufunguo wa nyumbani.

Ufunguo huo tunao? Zanzibar imetunga Sheria ya Mali za Viwanda, namba 4 ya mwaka 2008, ambayo ndani yake majina ya mahali yamepewa nafasi, na hilo ni jambo la kupongezwa kwa dhati. Tanzania Bara kwa muda mrefu imetegemea Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na kwa kuwa haki miliki si jambo la Muungano, jina lililoandikishwa upande mmoja halina nguvu upande wa pili wa bahari. Sheria peke yake, hata hivyo, ni daftari tupu. Wajerumani na Waingereza hawatakuja kutuandikia yatakayoingia humo.

Wapo waliofanya jambo wakafaulu, na njia zao hazikuwa moja. Ethiopia ilipotaka kuyalinda majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe, ilifikiri kwamba haiwezi kumkagua kila mkulima mdogo kati ya mamilioni waliotawanyika milimani, ikaamua mwaka 2005 kuyaandikisha majina yale kama alama za biashara za serikali huko Marekani. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa huko kilipinga, pakawa na kelele nyingi, na mwaka 2007 kampuni ya Starbucks ikatia saini mapatano ya kuzitambua haki za Ethiopia. Kamerun ilichukua njia nyingine: pilipili nyeupe ya Penja, inayomea katika udongo wa volkeno, iliandikishwa mwaka 2013 katika jumuiya ya haki miliki ya nchi za Afrika zinazosema Kifaransa, baada ya wakulima, wenye miche na wafanyabiashara kuketi pamoja na kukubaliana mipaka ya eneo na kanuni za kazi, na tangu hapo bei yake imepanda sana. Afrika ya Kusini nayo ilipata somo kwa mlango wa nyuma, pale jina la rooibos, majani ya kichaka kimeacho kwao tu, lilipoandikishwa Marekani mwaka 1994 kuwa alama ya mtu mmoja, na kesi ikaburuzwa zaidi ya miaka kumi. Leo, tangu mwaka 2021, jina lile limo katika daftari la Ulaya. Hata kikoi chetu, nguo ambayo kila mzee wa pwani amefunga kiunoni, mwaka 2006 kilikaribia kupata bwana huko Uingereza, maana kampuni moja iliomba neno lenyewe liwe alama yake ya biashara, na isingelikuwa pingamizi zilizotiwa, mfumaji wa Kenya angeliomba ruhusa ya kuliita vazi lake kwa jina lake.

Lakini nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Jina kulindwa si sawa na mkulima kushiba. Huko Mexico jina la tequila limelindwa na serikali tangu mwaka 1974, na kinywaji chake kimeenea dunia nzima, ilhali mkulima mdogo wa agave, mmea ambao huchukua miaka sita au zaidi kukomaa, bado huponzwa na bei inayopanda mwaka huu na kuanguka aanzapo kuvuna. Sheria iliruhusu hata kinywaji chenye asilimia 51 tu ya sukari ya agave kiitwe tequila, na kanuni ziliandikwa zaidi kwa kalamu ya wenye viwanda. Chai ya Darjeeling ndiyo jina la kwanza kuandikishwa India chini ya sheria yao ya mwaka 1999, ni maarufu kuliko chai nyingi, na wanawake wanaoichuma katika miteremko ile bado wanadai ujira wa kuwatosha. Tofauti baina ya Penja na Jalisco, jimbo la tequila, haimo katika hati. Imo katika swali la nani alikuwako chumbani masharti yalipoandikwa.

Na masharti ya karafuu yetu yatakuwa nini? Hapa ndipo kazi ilipo, nami naomba mnivumilie nishuke mpaka kwenye jamvi. Karafuu huchumwa ua likiwa bado limefumba, rangi yake ikianza kugeuka kutoka kijani kuelekea wekundu. Likifunguka, mafuta yamepungua na thamani imeondoka nayo. Usiku uleule watu wa nyumba, watoto kwa wakubwa, hukaa kuzichambua, kuzitenga na makonyo yake, nayo makonyo hayatupwi, maana kiwanda cha Wawi huyakamua mafuta. Zisipoanikwa mapema huchemka zenyewe kwa joto la chungu, zikageuka rangi. Zataka jua zuri la siku nne au tano, na kila pishi tatu za mbichi hazitoi ila kiasi cha moja iliyokauka. Jua likikosekana, karafuu hupauka. Jamvi likiwa chafu, huchukua mchanga. Zikianikwa juu ya lami ya barabara, kama wafanyavyo wenye haraka, hunusa lami, na mtu wa kununua mafuta atalijua hilo kabla gunia halijafunguliwa vizuri. Haya yote yanajulikana Pemba. Hayajaandikwa kwa namna ambayo mkaguzi aweza kuyashika mkononi, wala hayajakubaliwa na wote wanaohusika, yaani mwenye shamba, mwenye kukodi mikarafuu kwa msimu, mchumaji apandaye juu kwa ujira wa pishi, mchambuaji, na shirika la serikali linalonunua.

Swali la mipaka litaleta maneno, na afadhali yaje sasa. Je, jina liwe moja, karafuu ya Zanzibar, au yawe mawili, ya Unguja na ya Pemba? Wapo wenye kuogopa kwamba majina mawili yatagawanya nguvu, nami naiheshimu hofu yao. Lakini nafsi yangu hainikubalii kwamba kisiwa kinachozaa sehemu kubwa ya karafuu kiendelee kutokutajwa katika jina lake. Jina la Zanzibar na libaki juu, kwa kuwa ndilo linalojulikana duniani, na jina la Pemba liandikwe chini yake kwa kila gunia lililotoka Pemba. Wino haugharimu kitu.

Kuna na jambo la magendo. Kwa miaka mingi mashua za usiku zimevusha karafuu kutoka Pemba hadi pwani ya Kenya, na wasemaji wa serikali wamelieleza jambo hilo kama wizi wa mapato, nalo ni hivyo. Ila watu hawakuvuka bahari ya giza kwa kupenda, walivuka kwa kufuata bei, na serikali ilipompandishia mkulima bei kwa kiasi kikubwa mwaka 2011 magendo yalipungua. Mimi nataka liongezwe jambo moja katika hesabu hii: gunia lililovushwa kwa magendo hupoteza na jina. Likifika ng'ambo huchanganywa na mengine, na sifa yote iliyotiwa ndani yake na yule aliyeivunja karafuu karibu na sikio huyeyuka kama chumvi baharini. Mkulima hatalilinda jina ambalo halimlipi. Kwa hiyo katika daftari la masharti, kabla ya rangi na unyevu na mafuta, paandikwe ni fungu gani la bei iliyoongezeka litakalomrudia mkulima, na ni fungu gani litakalomfikia mchumaji, ambaye akianguka kutoka juu ya mkarafuu, na kila msimu wapo wanaoanguka, mkono uliovunjika ni wake peke yake.

Ukaguzi nao una gharama, na gharama hiyo aghalabu huua majina mazuri yakiwa machanga. Nchi tajiri zina maabara na mahakimu, sisi tuna masheha na wazee wa vijiji wanaomjua kila mtu na shamba lake, nami sioni sababu ya kuwaacha nje watu hao ambao tayari ni wakaguzi bila ya mshahara.

Siku ile Mtambwe, alasiri, wingu lilijifunga upande wa Wete, na uani pakawa mbio: wajukuu wakishika pembe za majamvi, karafuu zikimiminwa kwenye makanda, kuku wakitawanyika. Kijana mmoja, mwenye baiskeli, akamwambia bibi kwamba mvua ikipita wangeweza kuzipeleka karafuu barabarani, maana lami ingekauka mapema kuliko ua. Bibi hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba karafuu iliyoanikwa lami si karafuu ya nyumba hii, akaendelea kufunika kanda lake. Nikafungua daftari langu, nikayaandika maneno yale kama alivyoyasema, nikatia namba moja mbele yake.